Boti ya umeme ya rimoti: panga tezi kabla ya kutafuta kasi

Boti nyingi za umeme za rimoti hazifi kwa kugonga jiwe. Zinaungua. Mwenye boti anaona wenzake wanampita, anafunga propela yenye kipenyo kikubwa kidogo, boti inachangamka dakika moja, kisha harufu ya plastiki iliyoungua inatokea chini ya kifuniko. Muda wote huo bodi ilikuwa inaburuta tumbo majini kwa sababu betri zimekaa milimita 30 mbele ya mahali pake. Kuzisogeza nyuma kusingemgharimu hata senti. Kwa hiyo tunaanza na kazi ya bure, na propela itasubiri zamu yake.

Mfano wetu ni katamarani, boti ya miguu miwili sambamba, ya fibaglasi yenye urefu wa sentimita 75. Ina mota moja isiyo na brashi, kipenyo milimita 36, urefu 74, KV 2000 (mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti). Kidhibiti mwendo ni cha ampia 150, kinapozwa kwa maji. Betri ni lipo (lithiamu-polima) mbili za seli 2, kila moja 5000 mAh, zilizounganishwa kwa mfululizo kuwa seli 4, moja kwenye kila mguu wa boti. Katika mashindano ya NAMBA na IMPBA, vyama vya boti za mfano kule Marekani, boti ya seli 4 inaingia daraja la P. Ni ukubwa mzuri wa kujifunzia: una kasi ya kutosha kukufundisha adabu, na kosa moja halimalizi mshahara.

Bodi ya V moja huvumilia mawimbi kuliko katamarani. Ile yenye maboya mawili yaliyotoka ubavuni, ambayo mtu wa pwani ataiona kama ngalawa na matengo yake, ndiyo yenye kasi zaidi, lakini inataka maji yaliyotulia kama kioo na haina msamaha. Katamarani iko katikati.

Bodi na kingo zake

Geuza boti, weka rula ya chuma chini ya kila mguu, kuanzia tezi, yaani nyuma ya boti, kwenda mbele sentimita 20. Mwanga usipite. Kama kuna bonde karibu na tezi, maji yatainua tezi na kusukuma omo, yaani pua ya boti, chini. Kama kuna kitumbo, boti itadunda kila ikikolea mwendo, na utahangaika na betri bila kupata tiba. Jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, kisha piga msasa namba 400 uliozungushiwa kibao kilichonyooka. Usitumie kidole, kidole huchimba.

Kingo za nyuma, pale chini ya mguu inapokutana na ubao wa tezi, ziwe kali. Bodi nyingi za kununua zina kingo za mviringo kwa sababu hivyo ndivyo zinavyotoka kwenye kalibu bila kung'ang'ania. Ukingo wa mviringo hufanya maji yapande nyuma ya boti badala ya kuachia, na boti inatembea kama imeshikwa shati. Bandika tepu ubavuni ikitokeza chini kidogo, mimina epoksi kwenye pembe, ikikauka nyoosha. Kazi ya jioni moja, na faida yake unaiona bila kipimo chochote.

Shafti

Shafti ya boti hizi ni waya wa chuma uliosokotwa, hapa wa milimita 4.76, unaopita ndani ya bomba la shaba lenye kifuko cha teflon. Imesokotwa kwa upande ambao mota ikisukuma inajikaza. Ikijikaza inafupika. Hapo ndipo wengi hupotea: wanafunga kishikizo cha propela kikigusa beringi ya mkono wa shafti (kipande kinachoshika shafti nyuma ya tezi), kwa vile kinaonekana nadhifu. Boti ikipata mzigo, shafti inafupika, kishikizo kinabana beringi, mota inachemka na beringi inasagika unga. Acha pengo la milimita 4 hadi 5 kati ya kishikizo na mkono wa shafti, yaani karibu unene wa shafti yenyewe.

Upande wa mota, kapla, yaani kiungo cha mota na shafti, iwe safi bila grisi pale inapouma shafti. Futa kwa spiriti, kaza kwa spana mbili. Kisha zungusha kwa mkono: izunguke bila kukwama sehemu yoyote ya mzunguko. Ikikwama mahali pamoja tu, mota haijanyooka na bomba. Legeza boliti za mota, iache itafute mahali pake, kaza tena kidogo kidogo kwa kupishanisha.

Uzito na mkono wa shafti

Kituo cha uzito hupimwa kutoka ubao wa tezi kwenda mbele, boti ikiwa na kila kitu ndani, betri na kifuniko pia. Usihesabu usukani wala mkono wa shafti. Kwa katamarani anza na asilimia 30 ya urefu. Sentimita 75 mara 0.30 ni milimita 225. Weka alama ubavuni pande zote mbili, inua boti kwa vidole viwili kwenye alama hizo, ikae mlalo. Eneo la kuchezea ni asilimia 28 hadi 33, yaani milimita 210 hadi 248. Bandika mkanda mrefu wa velkro ndani ya kila mguu ili betri ziweze kusogea. Boti ambayo betri zake zimefungwa mahali pamoja tu haiwezi kupangwa.

Mkono wa shafti ni kile kipande cha alumini kinachoshika shafti nyuma ya tezi. Una mambo mawili: kimo na pembe. Weka boti juu ya meza iliyonyooka au kioo. Kwa kuanzia, katikati ya shafti ya propela iwe usawa mmoja na chini ya miguu, na mkono uwe sambamba na chini hiyo, digrii sifuri. Usianze na kingine hata kama umeona picha ya boti fulani imefungwa tofauti. Ile boti ina uzito wake na propela yake.

Propela hizi hukata uso wa maji, nusu ndani, nusu nje. Kwa hiyo ukishusha mkono, propela inabeba tezi juu zaidi na omo linabana maji: boti inatulia lakini inapoteza kasi. Ukiinua mkono, tezi inakaa chini na omo linaachia. Ukizidisha, propela inakula hewa wakati wa kuondoka na boti inapiga kelele bila kwenda. Pembe nayo hufanya kazi ya jinsi hiyo kwa ukali zaidi. Ncha ya nyuma ikielekea chini, tezi inainuliwa. Ikielekea juu, omo linainuliwa, na katamarani yenye omo lililoinuka kwa kasi ya kilomita 70 inapinduka kinyumenyume. Cheza na kimo kwanza, milimita 1 au 2 kila mara. Pembe iguse mwisho, nusu digrii.

Usukani uwe wima kabisa ukilinganisha na chini ya boti. Ukilala nyuma au mbele hata kidogo, kila ukikata kona utainua au kuzamisha tezi. Ukingo wa mbele uwe mkali. Skrubu inayoushikilia mahali pake iwe ya nailoni, ili ukigonga gogo ikatike yenyewe badala ya kung'oa ubao wa tezi. Pezi la kona, linalozuia tezi kuteleza boti ikikata kona, linakaa upande wa kulia, kwa sababu mashindano huzunguka kwa mwendo wa saa na kona zote ni za kulia. Propela ya kawaida ikitazamwa kutoka nyuma huzunguka kinyume cha saa, nayo husukuma tezi kushoto. Ndiyo maana boti isiyorekebishwa huvuta kulia. Rekebisha kwa rimoti, si kwa kupinda usukani.

Umeme

Betri ya seli 4 iliyojaa ina volti 16.8. Kwa betri mbili za seli 2, chanya ya moja inaingia kwenye hasi ya nyingine, na ncha mbili zinazobaki ndizo za kidhibiti. Kabla ya kuchomeka, pima ncha hizo kwa mita. Ukisoma karibu 16.8, endelea. Ukisoma 8.4 umeziunganisha sambamba. Ukisoma sifuri zinapingana. Hiyo ni sekunde kumi ya kazi, na lipo ikipigwa shoti haikupi hata sekunde moja.

Waya kati ya betri na kidhibiti ziwe fupi na nene, za silikoni, namba 10 ya AWG au nene zaidi. Kidhibiti hukata na kuachia mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Waya ndefu upande wa betri hufanya volti irukeruke, na kapasita za kidhibiti ndizo zinazobeba shida hiyo hadi zinavimba. Ukilazimika kurefusha waya, refusha zile tatu zinazokwenda kwenye mota. Mota ikizunguka upande usiotakiwa, badilishana waya zozote mbili kati ya hizo tatu. Hakuna cha kuungua. Fanya majaribio haya yote propela ikiwa imetolewa.

Kata ya volti, yaani kiwango ambacho kidhibiti kinakata umeme betri ikipungua, iwekwe 3.4 kwa seli. Kurudi nyuma kuzimwe. Na jambo ambalo halina mjadala: weka rimoti ili mawasiliano yakikatika mota isimame. Jaribu kwa kuzima rimoti boti ikiwa mkononi. Antena ya kipokezi ipite kwenye mrija na kutoka juu ya kifuniko, maana mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini. Kipokezi chenyewe kitie ndani ya puto la kawaida, funga mdomo wake kwa kamba ya plastiki pale waya zinapotoka. Hakuna kasha la bei kubwa linaloshinda puto.

Maji ya kupoza huingia kwenye tundu la usukani. Njia mbili, moja ya mota na moja ya kidhibiti, ni bora kuliko moja inayopita kote, kwa sababu chembe moja ya mchanga haiwezi kuziba zote. Puliza kwa mdomo kila siku kabla ya kushusha boti. Ndani ya ngama jaza vipande vya styrofoam vile vinavyokuja na televisheni: lita moja inabeba karibu kilo moja, na boti hii ikiwa kamili iko kati ya kilo 2 na 2.5. Lita mbili, na hutavua nguo kuifuata chini.

Propela

Hesabu ya mizunguko ni KV mara volti. 2000 mara 14.8, volti ya kawaida ya seli 4, ni 29,600 kwa dakika. Katamarani zinapenda kati ya 28,000 na 35,000, kwa hiyo tuko pazuri. Sasa namba za propela. Kwenye mfululizo wa X wa Octura, mtengenezaji wa propela, X442 maana yake kipenyo milimita 42 na hatua ya mara 1.4 ya kipenyo, yaani milimita 58.8 kwa mzunguko mmoja. X640 ni kipenyo 40, hatua ya mara 1.6, milimita 64. Kwa X442: 29,600 mara milimita 58.8 ni mita 1,740 kwa dakika, sawa na kilomita 104 kwa saa. Hiyo ni karatasini. Mota ikibeba mzigo inapunguza mizunguko, na propela inateleza majini, hivyo boti iliyopangwa vizuri hutoa asilimia 65 hadi 75 ya hesabu: kilomita 68 hadi 78. Ukipata 50, usinunue propela. Rudi kwenye bodi na mkono wa shafti.

Sababu ya kusisitiza ni hii. Kwa mizunguko ileile na umbo lilelile, nguvu inayotakiwa hupanda takriban kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Kutoka milimita 42 kwenda 45 ni tofauti ya unene wa shilingi mbili, lakini mzigo unaongezeka kwa karibu asilimia 41. Kutoka seli 4 kwenda seli 5 mizunguko inaongezeka robo, nguvu inakaribia kuwa maradufu. Watu huona tofauti ndogo kwenye kipenyo wakadhani ni tofauti ndogo kwenye kidhibiti.

Propela za beriliamu na shaba hutoka kiwandani zikiwa butu na hazina mizani. Kwa mizunguko 500 kwa sekunde, upande mzito hupiga beringi kama nyundo na mwishowe hukata ncha ya shafti. Noa ukingo wa mbele kwa upande usiosukuma maji, na upande huohuo ndio wa kupunguza uzito hadi jani zito liache kushuka kwenye kipima mizani. Uso unaosukuma usiuguse. Vumbi la beriliamu ni sumu kwenye mapafu, sumu ya kweli: piga msasa chini ya maji, vaa glavu na barakoa, mimina maji yale mahali pasipochezewa na watoto. Asiyetaka taabu hii anunue zilizokwisha kunolewa, au aanze na za plastiki ngumu.

Majini

Asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Pasiwe na waogeleaji wala mitumbwi. Kifuniko kizungushie tepu pande zote, washa rimoti kwanza kisha boti. Wakati wa kuzima, boti kwanza.

Mzunguko wa kwanza ni sekunde 30, kisha rudisha na upime kila kitu kwa kipimajoto cha mwanga. Wa pili dakika moja. Wa tatu dakika mbili. Mota isizidi nyuzi 70, kidhibiti 60, betri 55. Usiendeshe polepole ukidhani unaihurumia. Boti ikiwa haijapanda juu ya maji inasukuma ukuta, mkondo unakuwa mkubwa, na maji ya kupoza hayaingii kwa sababu hakuna mwendo. Ondoka kwa ulaini lakini haraka, ikisha panda iache itembee. Simama-ondoka, simama-ondoka ndiyo inayochoma vidhibiti vingi kuliko kasi yenyewe.

Hesabu ya ampia hutoka kwenye chaja. Boti imetembea dakika 3, chaja imerudisha 3200 mAh: ni wastani wa ampia 64, na vilele vyake vinaweza kufika mara mbili ya hapo. Kwa betri ya 5000, usitumie zaidi ya 4000. Kwa ulaji huo 4000 zinaisha dakika 3 na sekunde 45, basi weka saa ya rimoti 3 na nusu.

Sasa isome boti. Omo likidunda juu chini kwa mpigo, uzito uko nyuma mno: sogeza betri mbele milimita 10. Ikibaki hivyo, shusha mkono milimita 1. Omo likiwa limebana na maji yanaruka kutoka katikati ya boti, betri nyuma, au inua mkono. Boti ikiyumba kulia na kushoto kama mlevi, angalia kwanza uwazi kwenye viungo vya usukani na mkono wa shafti, maana mara nyingi ni skrubu iliyolegea na si mpangilio. Ikilalia kulia kwenye mstari ulionyooka, sogeza betri ya kushoto mbali zaidi na katikati, au shusha kidogo kibao cha kurekebisha mlalo kilicho kwenye tezi upande wa kulia. Ikiteleza tezi kwenye kona, pezi limekuwa butu au fupi. Ikijikunja na kupinduka kwenye kona, pezi limezama kupita kiasi, au unaingia na gesi yote. Kelele ya mota ikipanda ghafla huku kasi ikishuka, propela inakula hewa au kapla inateleza. Ipige alama ya kalamu kapla na shafti; alama zikiachana, jibu umepata.

Badilisha kitu kimoja, pita mara mbili, andika. Daftari lenye milimita na nyuzi joto ni kipuri kama vingine.

Baada ya maji

Ndani ya nusu saa chomoa shafti, ifute, pitisha kitambaa kwenye bomba, paka grisi ya boti kabla ya kuirudisha. Ikibaki ndani na maji ya chumvi hadi wiki ijayo itaganda humo, na kuitoa ni kazi ya jiko na koleo. Baada ya bahari, pitisha maji baridi kwenye mirija ya kupoza kwa bomba la sindano, suuza usukani na mkono wa shafti, achia kifuniko wazi. Betri zisilale zimejaa wala tupu: rudisha volti 3.80 hadi 3.85 kwa seli, subiri zipoe kabla ya kuchaji, na chaji kwa 1C, yaani ampia 5 kwa hizi za 5000. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inashika chaji.

Beringi ya mkono wa shafti ikague kila siku tano za maji kwa kutikisa propela juu na chini. Ukisikia mchezo, badilisha kipande hicho cha shaba sasa, kwa sababu boti iliyoanza kuyumba wiki iliyopita bila wewe kugusa kitu ilikuwa inakueleza habari za beringi hiyo.